Mwaka Tulipochimba Mtaro wa Bustani

Simu ilinikuta nachambua mchele. Kijana nisiyemjua akaniambia kwamba Mzee Barnabe amefariki, kwamba msiba uko nyumbani kwake Gasenyi, na kwamba marehemu mwenyewe alikuwa amesema niambiwe. Nilimshukuru, nikakata simu, nikaendelea na ungo wangu hadi nikaona kwamba natupa punje na kubakiza mawe. Mzee Barnabe hakuwa ndugu yangu. Alikuwa kapita, msimamizi wa vibarua, na nilifanya kazi chini yake mwaka mmoja tu, wakati wa vita, nilipokuwa msichana aliyevuka mpaka kutoka Uvira na kuja kukaa mtaa wa Buyenzi. Tangu hapo nimeolewa, nimezaa, nimezika. Lakini mtu akiniuliza nilikuwa mtu mzima lini, siifikirii harusi wala mtoto wa kwanza. Naifikiria bustani ya mji, ile iliyokuwa kwenye mteremko, na mtaro tuliouchimba pale.

Mwaka ule nilikaa na mama mdogo wangu, Mama Feza, katika chumba kimoja cha nyuma. Parseli nzima, yaani ua wote, ilikuwa na familia nyingi na choo kimoja, na kuta zilikuwa nyembamba hata ukajua jirani leo amekaanga ndagala au amepika mboga ya lengalenga bila mafuta. Usiku tulilala tumevaa nguo, viatu miguuni, begi mlangoni. Risasi zikilia upande wa milima, Mama Feza aligeuka upande wa pili na kuendelea kulala. Mimi niliamka, nikasimama katikati ya chumba, nikasimama tu. Hata mchana sikuweza kutulia. Nilifagia palipofagiliwa, nilikwenda barabarani kuangalia kitu nisichokijua, nikarudi, nikatoka tena. Nyuma ya ukuta wanaume walizungumza jioni nzima juu ya waliofika Kigoma, nani amepata hema, nani amerudi, mpaka upi umefungwa, na kila jina la mji walilotaja lilinivuta kana kwamba huko ndiko nilikosahau kitu. "We Sifa, kaa chini basi!" Mama Feza aliniambia, kijiko cha ugali mkononi. "Unanizungusha kichwa. Kula kwanza, hiyo vita utaikuta." Nilikula nimesimama. Mpaka leo mume wangu ananicheka kwa hilo.

Yeye ndiye aliyesikia sokoni kwamba wanatafuta vibarua wa bustani, na wanawake wanapokelewa. Akanisukuma niende, afadhali nichoke kwa jembe kuliko kuchosha watu. Nilipofika nilidhani nimekosea mahali. Kumbe zamani maharusi walikuwa wakipiga picha pale, chini ya mijakaranda. Sasa maji ya mvua yaliyoshuka kutoka mitaa ya juu yalikuwa yamekata njia zote vipande vipande, barabara ya katikati imekuwa korongo, na madaraja madogo ya watembea kwa miguu yananing'inia hewani kama meno ya mzee. Mvua kubwa ikinyesha, matope yote yalishuka hadi nyumba za watu wa chini. Wapita njia walisimama kutucheka. Nchi inawaka, nao wanatengeneza vijia vya kutembelea wapenzi! Mzee Barnabe hakuwajibu. Alikuwa mfupi, mwenye kofia ya kufumwa hata saa sita juani, na alisema mambo mara moja tu. Siku ya kwanza alitukusanya akatuambia, "Mvua itakuja, vita iwe iko ama haiko. Tukiwa hatujamaliza, itaingia kwa watu." Kisha akatugawia majembe, sururu na mabeleshi. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, saruji ilikuwa adimu kama nyama, kwa hiyo mtaro wote tuliujenga kwa mawe matupu, jiwe limekazwa na jiwe, na njia tukazitandika kokoto na udongo mwekundu.

Mimi alinipa mpira wa kupimia. Ni bomba refu la plastiki, jembamba, unaloona ndani yake, limejazwa maji. Mmoja anashika ncha yake kwenye kigingi hiki, mwingine anashika ncha ya pili kwenye kigingi cha mbali, na maji yakitulia yanakuwa sawasawa pande zote mbili. Hapo mnatia alama, mnajua ardhi inashuka kiasi gani. Tuliuita nivo. Ikiwa kuna povu la hewa ndani, vipimo vyote ni uongo. Ncha ya pili ilishikwa na Salvator. Alikuwa kijana mrefu sana, mwenye mabega yaliyoinama mbele kidogo, kama mtu aliyezoea milango mifupi, na alikuwa na maneno mengi. Alishuka kila asubuhi kutoka mitaa ya kaskazini, ng'ambo ya mto Ntahangwa, na jioni akarudi huko kwa miguu. Siku nzima tulipigiana kelele kutoka kigingi hadi kigingi. "Shusha!" "Imetulia?" "Bado, we unatingisha! Mukongomani gani huyu hawezi kusimama?" "Na we mbona unaongea? Maji yanakusikia, yanacheza!" Kwa mara ya kwanza tangu nivuke mpaka, kulikuwa na saa katika siku ambayo niliweza kusimama mahali pamoja, kwa sababu nisiposimama maji hayatulii. Sitasema nilimpenda. Nasema nilikuwa nafika kazini mapema.

Saa ya kula ndipo ungeona hali ilivyo. Mitaa ya mji ilikuwa imegawanyika, Wahutu huku, Watutsi kule, na hata jina la mtaa tu lilitosha kumweleza mtu. Kwenye kazi walichimba pamoja, walibebeana mawe, walitaniana. Ikifika saa ya chakula, lundo la kokoto lilikuwa ukuta. Hawa upande huu, wale upande ule, kila duara na sufuria yake ya maharage. Mimi nilikuwa mgeni, Mukongomani, basi nilikaa popote. Leo nilikula na akina Salvator, kesho nikala upande wa pili na kijana aliyeitwa Dezire, aliyekuwa na kicheko kizuri na aliyenipa chumvi kila siku, maana alijua Mama Feza haweki ya kutosha kwenye maharage ninayobeba. Pande zote mbili waliniongelesha Kiswahili, kisha wakageukia Kirundi kwa mambo yao, wakidhani sisikii. Mwanzoni kweli sikusikia. Lakini lugha ile na ya kwetu ni jirani, na mwaka ulikuwa mrefu. Sikumwambia mtu kwamba sasa naelewa. Nilikuwa nakula maharage yangu na kuangalia chini.

Siku hiyo nilikuwa upande wa akina Dezire. Alikuwa akimwambia mwenzake, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ile ile ya kuomba maji, kwamba wale vijana wamekubali, kesho jioni watakuwa pale kabla ya daraja la Ntahangwa, na yule mrefu wa nivo hatavuka. Mwenzake akauliza kama ana hakika anapita pale. "Kila siku," Dezire akasema. "Anapita peke yake, anaimba." Halafu akanigeukia, akanyoosha mkono wenye karatasi ya chumvi. "Sifa, hujachukua leo." Nikachukua. Nikatia chumvi kwenye maharage. Nikala yote mpaka chini, kwa sababu niliogopa kwamba nikiacha watajua.

Nilimpata Mzee Barnabe huko chini, mahali mtaro ulipopinda kukwepa nyumba za watu. Nilimwambia kwa kifupi, nikijifanya namuonyesha mawe. Hakushtuka. Aliuliza jambo moja: "Umesikia vizuri? Kirundi chako kinatosha?" Nikasema kinatosha. Akaokota vijiwe, akavitupa mtaroni kimoja kimoja.

"Basi nimwambie Salvator," nikasema.

"Ukimwambia atafanya nini?"

Nilifikiri. "Atakasirika."

"Atamfuata Dezire hapa hapa. Na hawa watu wote wako na sururu mukononi." Aliangalia juu, wanakochimba, duara mbili zikiwa zimechanganyika tena. "Wataangukiana. Na akikosa kuja tu kesho, watajiuliza nani amesema. We unalala Buyenzi, Dezire anapita hapo kila siku. Apana. Usimwambie mutu. Nenda kapime." Nilikwenda nikapima. Salvator alinifokea mara tatu kwamba leo natingisha mpira, maji hayasomeki. Usiku ule sikuwa peke yangu niliyesimama katikati ya chumba. Mama Feza aliamka naye, akanishika mabega, akauliza nini, nikamwambia tumbo.

Asubuhi nilifika kabla ya wote. Nilimkuta Mzee Barnabe amepiga magoti kwenye mstari tuliopima wiki nzima, anang'oa kigingi. Alikigongomelea upya, chini kuliko kilivyokuwa, kisha akaendea cha pili. Huyu alikuwa mtu aliyetubomolesha ukuta mzima kwa ajili ya jiwe moja lililokaa vibaya. Aliniona, akafuta mikono kwenye suruali. "Hujaona kitu," akasema. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayetapika.

Watu walipokusanyika hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alituita wote kwenye mstari, akachukua mpira, akashika ncha mwenyewe, akaonyesha: mtaro utapanda badala ya kushuka. Kazi ya wiki imeharibika. Maji yangerudi nyuma yote. "Nani alishika huku?" akauliza, kana kwamba hajui. Salvator akasema ni yeye. Mzee akamwambia ameacha hewa ndani ya mpira, kwamba anaongea mno, anaimba, hafanyi kazi, na kwamba hamtaki tena hapa. Salvator alicheka kwanza. Alidhani ni mchezo. Halafu akaona hacheki mtu, akanigeukia.

"Sifa, sema. Si tulipima pamoja? Si uliona maji?"

Wote waliniangalia. Dezire alikuwa ameegemea beleshi lake, ananiangalia pia, kwa upole. Nilijua vipimo vilikuwa sawa. Nilijua kuliko nijuavyo jina langu. Nikasema, "Mi sijui. Nilishika upande wangu tu."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifungwa namna ile. Hakunitukana. Lori lililoleta kokoto kutoka kusini lilikuwa limeshamwaga mzigo, dereva amewasha injini, na Mzee Barnabe, ambaye alijua kwamba dada yake Salvator anakaa Kibenga, huko kusini kando ya ziwa, alimlipa siku zake mbele yetu sote, akamwonyesha lori kwa kidevu. "Panda hapo, wakuteremshe Kibenga. Nisikuone hapa tena, hata kwa kupita." Salvator akapanda nyuma, akasimama wima, amesahau hata kuinama chini ya matawi ya mijakaranda, likampiga moja usoni. Lori likatoka kwa mlango wa chini. Mzee akatugeukia. "Dezire, shika mpira. Kuanzia leo utapima na Sifa."

Baadaye nilimuuliza Mzee kwa nini Dezire, kati ya watu wote. Alinijibu, "Nataka awe mbele ya macho yangu kila siku." Sawa, yake yalikuwa macho. Mimi nilikuwa nimeunganishwa naye kwa bomba la maji. "Shusha, Dezire." "Hapo?" "Hapo." Kila asubuhi, kiangazi kizima. Alikuwa mpimaji mzuri, mwenye subira, na hakuacha kunipa chumvi. Watu waliopita kwenye daraja jioni ile Salvator alipofukuzwa walisimulia kwamba kulikuwa na vijana wamesimama pale hadi giza, wanaangalia nyuso za wapitaji. Hawakumgusa mtu. Wangemuua Salvator? Wangempiga tu wamwachie? Nimejiuliza hilo katika vyumba vingi. Dezire sikumwona tena baada ya kazi kuisha. Wengine walisema aliingia jeshini, wengine kwamba alihama. Sikuuliza sana, kwa sababu niliogopa kwamba nitamsikitikia.

Jumapili ya kwanza baada ya lori lile kuondoka nilivaa kitenge kizuri nikaenda Kibenga. Nilizunguka asubuhi nzima nikiuliza dada wa kijana mrefu, mpaka nikaonyeshwa mlango. Mwanamke aliyefungua alikuwa na mabega yale yale. Nyuma yake niliona meza, sahani za chai hazijaondolewa, mtoto anakula mhogo. Nilisalimia, nikasema natafuta Salvator.

"We ni nani?"

"Naitwa Sifa. Wa bustani."

Akanitazama kutoka kichwa hadi viatu. "Ndiyo wewe? Basi amekwenda. Amepanda gari la Nyanza-Lac, anavukia Tanzania. Amesema mji huu hata mutu mnayeshika naye mpira mmoja anakuuza." Nikafungua mdomo. Ningesema nini, pale mlangoni, kwa mtu nisiyemjua, juu ya majina ya watu waliokuwa bado na majembe mkononi? Alinifungia mlango, bila kuubamiza. Nikarudi kwa miguu hadi Buyenzi, na njiani sikusimama hata mara moja.

Mzee Barnabe aliwaambia wakubwa wake kwamba kosa la vigingi lilikuwa lake, kwa kuwa yeye msimamizi hakukagua, wakamfokea mbele yetu, akavumilia. Kisha, siku ile ile, akijifanya anapima upya, alivirudisha vigingi vile kwenye alama za zamani, na kipande kile, hadi kona ya chini, tukakichimba kwa kufuata vipimo vya Salvator. Mvua ya kwanza ilitukuta tunapanga mawe ya mwisho kwenye ile kona ya chini. Ilianza upande wa milima, tukaisikia kabla ya kuiona, na Mzee akasema tutoke mtaroni. Watu wote, wa duara hii na duara ile, walisimama kwenye ukingo, magunia kichwani. Maji yalikuja mekundu, yakibeba majani, chupa, kiatu cha mtoto. Yalishuka, yakafika kwenye kona, yakapanda ukuta wa mawe kidogo kama yanayofikiri, halafu yakageuka. Watu wakapiga kelele. Mtu mmoja alinikumbatia, sikumbuki nani. Kule chini, nyumbani kwa watu, mwanamke alitoka mlangoni na ufagio aliozoea kupigana nao na matope, akasimama tu ameushika. Mzee Barnabe peke yake hakushangilia. Alitazama mtaro kwa muda, akaniambia bila kunigeukia, "Alipima vizuri yule kijana." Kazi iliisha wiki ile, nami mwisho wa mwaka nikapata nyingine. Begi nililitoa mlangoni bila kuamua siku. Sikwenda Kigoma.

Ndiyo maana nilikwenda Gasenyi mara moja, bila hata kumaliza mchele. Uwanja ulikuwa umejaa viti vya kukodi na turubai la bluu. Ndani, mkewe Mzee, Mama Konsolata, alikuwa amekaa mkekani na wanawake. Nilimpa pole, akanishika mkono asiuachie. "We ndiye Sifa wa nivo," akasema. "Mzee wangu alikuwa na ugonjwa mmoja. Tangu wakimbizi waanze kurudi, kila anayemsikia ametoka Tanzania, anamwendea, anamuuliza, hajamwona kijana mmoja mrefu, anayeongea sana, Salvator? Dada yake wa Kibenga alikataa kusema alipo. Watu walidhani ni mwanae." Nikamshika mkono kwa mikono miwili. Nikatoka nje kutafuta hewa, na pale karibu na lango, peke yake, miguu mirefu ameikunja chini ya kiti, alikuwa ameketi Salvator. Nywele zimekuwa nyeupe. Mabega ni yale yale. Nilikaa kiti cha pembeni yake.

"Sifa wa Uvira," akasema, bila salamu.

"Salvator. Umerudi lini?"

"Zamani kidogo. Niko Kibenga, nilijenga kwa dada. Jana nimesikia jina lake kwenye radio, matangazo ya vifo." Alivuta pumzi. "Nikasema nije nione kama watu wengi wanamulilia."

Basi nikamwambia. Nilimwambia chumvi, daraja, vijana, vigingi vilivyong'olewa alfajiri, lori, na jinsi Mzee alivyomtafuta hadi kufa. Nilisema haraka, kwa sauti ya chini, kama mtu anayekimbizwa, na yeye aliangalia turubai likipulizwa na upepo.

"Mungeniambia."

"Ungefanya nini?"

Aliangalia mikono yake. "Ningemupasua Dezire na sururu," akasema polepole. Halafu: "Unajua nimelala na hasira ya huyu muzee miaka yote? Kambini, nikijenga, nikioa. Nilikuwa nikiamka nayo, nikiipikia chai. Na we pia. Dada aliniambia msichana alikuja. Nilimwambia akirudi amumwagie maji."

"Hakunimwagia."

"Dada ana huruma." Hakutabasamu. Aliinuka, akashika mgongo wa kiti kwa muda, akatoka langoni bila kuniaga na bila kuingia ndani kwa mjane. Nilimwangalia akienda barabara nzima hadi akapotea, nikajiambia, basi, umemwondolea hata hasira yake, na huna cha kumpa mahali pake. Usiku huo sikulala. Nilitembea chumbani, mume wangu akaniacha nitembee.

Mazishi yalikuwa kesho yake. Tulikuwa tumeanza kupanga watu kwa ajili ya kwenda makaburini, Mama Konsolata ameshikwa mikono na mabinti zake, aliposimama katikati ya lango mtu aliyelazimika kuinamisha kichwa. Alikuwa amevaa suti. Nyuma yake kulikuwa na mwanamke mwenye kitambaa cheupe, kijana mmoja mrefu kama nguzo, wasichana wawili wa shule, na mtoto mdogo wa kiume ambaye kola ilimbana shingo. Watu wakawapisha. Salvator alifika mbele ya mjane, akaondoa kofia, akatafuta maneno, yeye ambaye hakuwahi kuyakosa. Akaweka mkono kwenye bega la mkubwa, akamsogeza mbele, kisha yule wa pili, na wa tatu, na yule mdogo akamwinua kabisa ili aonekane.

"Mama," akasema, "ni mimi Salvator. Muzee alikuwa ananitafuta, nimechelewa. Nimekuletea watoto wake uwaone."